Joho la Risasi

Mama mkubwa Assunta alikufa akiwa hana taya. Habari hiyo haikuwa siri katika nyumba ya akina Bonfante, lakini haikuwa ya kuzungumzwa mezani. Zamani alikuwa mchoraji wa namba za saa katika kiwanda cha mji wa jirani, enzi zile wasichana walipoilamba ncha ya brashi ili ichongoke, na ile rangi inayong'aa gizani ikawaingia mifupani. Nunziata, mdogo wake, ndiye aliyemwosha. Kwa hiyo vita vilipokuja, na binti zake wawili wakaajiriwa kupaka rangi hiyo hiyo kwenye vipimo vya ndege, Nunziata hakusema mengi. Alichokuwa nacho alikisema kila asubuhi, akiwafungia mkate na pilipili za kukaanga.

"Ole wenu mtie kitu mdomoni mkiwa humo ndani. Hata mate yenu msimeze."

"Mama, siku hizi hatulambi," Ersilia alikuwa akimjibu. "Tuna glavu, tuna aproni, tuna msimamizi anayetukagua kucha kama sista wa shule."

"Assunta naye alikuwa na msimamizi."

Ersilia alikuwa mkubwa, anaikaribia thelathini, mrefu, mabega mapana, mzito wa maneno. Hakuwa ameolewa, na mama yake alilia juu ya jambo hilo mpaka akachoka. Hata padre, alisema, ameacha kuuliza. Delfina, wa kumi na tisa, alikuwa kinyume chake: mdogo wa umbo, mwepesi wa ulimi, na mwenye mkono ambao haukutetemeka hata alipokuwa anacheka. Walilala kitanda kimoja, chumba kilichotazama Mtaa wa Garside, na kila dirisha la mtaa ule mjini Newark lilikuwa na nyota ya kitambaa kwa kila kijana wa nyumba aliyekuwa vitani. Nyota za buluu ni za walio hai. Mwaka ule wa 1943 nyota za dhahabu, za waliouawa, zilianza kuonekana, moja hapa, moja pale, na watu wakajifunza kupita mbele ya nyumba hizo bila kuinua macho.

Baridi ilipoanza kupungua, ghorofa ya tatu ya kiwanda ilifungwa. Wakaja mafundi wa jeshi wakaweka mlango wa chuma usiofunguka kwa pembeni. Ulishuka kutoka juu, mzima mzima, kama kisu cha mchinjaji. Kisha yakaja malori, na ndani ya malori masanduku madogo yasiyozidi ukubwa wa mkebe wa biskuti, lakini kila moja lilibebwa na askari wanne, nao walikuwa wanahema.

"Humo mna nini?" Delfina alimuuliza mmoja wao ngazini.

"Siagi," askari akajibu, jasho likimchuruzika.

"Siagi gani nzito hivyo?"

"Siagi ya Serikali, dada. Pisha njia."

Nyuma ya masanduku akaja Meja Tolliver. Alikuwa mtu mfupi, msafi, mpole, mwenye sauti ya daktari wa watoto. Alipita katikati ya meza za wachoraji akitazama mikono yao, si nyuso zao. Aliposimama nyuma ya Delfina alikaa pale kwa muda mrefu.

"Mkono wako hautetemeki, binti," alisema.

Kesho yake Delfina alikuwa wa ghorofa ya tatu, yeye na wenzake watano.

"Nyinyi wa chini endeleeni kupaka namba zenu," alijigamba nyumbani, akijimwagia tambi sahani tele. "Sisi wa juu tuna siri."

"Siri gani?" Ersilia akauliza.

"Nimeapa nisiseme."

"Umeapa kwa nani?"

"Kwa Meja. Nimeapa nisimwambie mtu, hasa wewe, mbea mkubwa."

Wakacheka, hata Nunziata akacheka kidogo. Lakini Ersilia alikuwa ameanza kuona mambo. Njiwa waliokuwa wakilala kwenye paa la kiwanda miaka yote walihama, na hawakurudi hata mvua iliponyesha. Saa ya ukutani ya ghorofa ya pili, iliyokuwa chini ya chumba kile, ilisimama. Fundi akaitengeneza, ikasimama tena. Na siku moja, walipokuwa wakitafuta blanketi ndani ya kabati, Delfina alifunga mlango kwa utani, wakabaki gizani wote wawili, Ersilia akaona ukingo wa nywele za mdogo wake umezungukwa na mwanga mwembamba wa samawati. Ulikuwa hafifu, lakini ulikuwepo.

"Kesho uumwe," alimwambia. "Jifanye unaumwa tumbo. Uombe urudi chini."

"Utaniambukiza woga wako, Ersilia. Kuna ndege zinaanguka baharini kwa sababu rubani haoni vipimo. Nani atapaka? Wewe, na mkono wako wa muuza samaki?"

Delfina hakujifanya mgonjwa. Akaenda.

Ilitokea mchana, baada tu ya chakula. Sanduku moja lilianguka likapasuka, na taa ya spiriti iliyokuwa mezani ikaanguka juu ya vumbi la rangi lililomwagika. Hayo yalijulikana baadaye. Ersilia, chini, alichosikia ni king'ora, na halafu kitu kingine kilichomtisha zaidi: mnyororo wa mlango wa chuma ulikuwa unashuka.

Alipanda ngazi mbilimbili. Wasichana wawili walimpita wakikimbilia chini, mmoja ameshika macho. Juu, Bwana Pruitt, msimamizi, alikuwa ameng'ang'ania gurudumu la mnyororo, uso wake mweupe kama chokaa.

"Delfina yuko wapi?"

"Rudi chini, Bonfante!"

"Mdogo wangu yuko wapi?"

"Nimeambiwa nifunge! Vumbi lile likitoka, mji wote umekwisha! Amri ni amri, mama, mimi nifanyeje?"

Mlango ulikuwa umebakiza nafasi ya kupita paka. Ersilia hakubishana. Alijitupa chini, akajiburuta kwa viwiko, na ile ncha ya chuma ikamkwangua kisigino ilipotua nyuma yake.

Alitarajia moto. Ulikuwepo, lakini si moto aliouzoea. Ulikuwa mwanga, mweupe, usio na sauti, umejaa chumba kama maji yanavyojaa pipa. Aliinua mkono kujikinga macho akaiona mifupa ya vidole vyake. Nyama ilikuwa imegeuka kivuli. Akafumba macho, akaendelea kuona. Aliwaona wasichana watatu wamelala karibu na mlango, hawatikisiki, na mwishoni kabisa, chini ya meza, Delfina, amejikunja, moyo wake unapiga ndani ya mbavu kama ndege aliyenaswa.

Vumbi lilikuwa linaelea hewani. Likaanza kumtua mabegani, nyweleni, mikononi, na kila lilipomtua halikumchoma. Lilizama. Alihisi ubaridi ukimwingia kwenye ngozi, ukapita nyama, ukafika kwenye mifupa na kukaa huko kama aliyefika kwake. Alitembea kuelekea kwenye meza, na kadiri alivyotembea mwanga ulipungua chumbani, ukiingia kwake, mpaka alipomfikia mdogo wake chumba kilikuwa giza la kawaida, lenye moshi wa kawaida, na kilichokuwa kinang'aa ni yeye peke yake.

Akamtia Delfina begani. Akarudi mlangoni, akagonga.

"Fungua. Moto umezimika."

Akagonga tena, kwa nguvu zaidi.

"Bwana Pruitt! Nakusikia unavyohema. Fungua!"

"Siruhusiwi," ilisikika sauti ikilia upande wa pili. "Nisamehe. Siruhusiwi."

Ersilia aliweka kiganja kwenye chuma, kwa hasira tu, kama mtu anayesukuma ng'ombe. Chuma kikawa chekundu. Halafu cheupe. Halafu kikaanza kudondoka sakafuni matone matone kama nta ya mshumaa wa Pasaka. Alisukuma mpaka likatokea tundu la kupita watu wawili, akapita, na watu waliokuwa ngazini wakarudi nyuma wote kwa pamoja, bila kuambizana.

Meja Tolliver ndiye peke yake aliyetabasamu. Lakini naye alirudi nyuma.

Wale watatu walizikwa katika majeneza yaliyoletwa na jeshi, yaliyokuwa mazito kupita kiasi, na wazazi wao hawakuruhusiwa kuyafungua. Delfina alilazwa hospitali ya jeshi, akaanza kupata nafuu. Ersilia alipimwa na madaktari waliovaa kama wapiga mbizi. Walimchoma sindano, zikapinda. Mwishowe Meja alikuja, akasimama mlangoni mwa wodi.

"Huna ugonjwa wowote," alisema kwa ile sauti yake ya upole. "Kwa kweli sijawahi kuona mtu mwenye afya kama wewe. Rudi nyumbani ukapumzike. Mdogo wako tutamruhusu pia. Mkae pamoja, mama yenu awatunze. Hiyo ndiyo dawa."

"Na yale niliyofanya mlangoni?"

"Joto la moto, binti. Chuma kilikuwa kimekwisha kuyeyuka. Ulichanganyikiwa, na si ajabu."

Alitaka sana kuamini. Akaamini.

Nyumbani Nunziata alipika kana kwamba kuna harusi. Majirani walileta divai na vitumbua vya jibini. Don Ilario, padre wa mtaa, alikuja akawabariki wote wawili, na alipoweka mkono kwenye kichwa cha Ersilia aliuondoa haraka, akaufuta kwenye kanzu yake.

"Una homa, mwanangu?"

"Sina, padre. Sijawahi kujisikia vizuri namna hii."

Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Hakusikia njaa. Alilala kwa kuwa kitanda kipo, si kwa kuwa amechoka. Kiti chake kilikuwa karibu na dirisha la jikoni, pale mama yake alipopanga vyungu vyake vya mrehani, safu ndefu kutoka kwenye kiti mpaka kwenye mlango. Juu ya kiti lilining'inia tundu la chiriku wa mama, ambaye aliimba tangu asubuhi mpaka watu wanamtukana.

Chiriku ndiye aliyetangulia. Nunziata alimkuta ameanguka, miguu juu.

"Uzee," alisema, akimfunga kwenye leso. Lakini alisema kama mtu anayejiuliza.

Halafu paka wa jirani, aliyependa kumlalia Ersilia mapajani kwa ajili ya joto, akaacha kula. Halafu Nunziata akatapika chakula chake cha asubuhi, na cha mchana, akalaumu soseji. Na Delfina, ambaye aliletwa nyumbani akitembea kwa miguu yake na kuwatania askari waliomleta, alirudi kitandani na hakuweza kuinuka. Midomo yake ilipasuka. Ersilia alikaa naye kutwa, akamlisha mchuzi kijiko kwa kijiko, akamshika mkono, akalala amemkumbatia.

"Wewe una joto zuri," Delfina alinong'ona. "Kama tanuri la mkate."

"Nyamaza. Utapona."

"Sogea zaidi. Nasikia baridi."

Akasogea zaidi.

Asubuhi moja Nunziata alikuwa amekaa jikoni akichana nywele. Ersilia alimwona akisimama ghafla, akitazama kitana. Kilikuwa kimejaa. Mama yake akazitoa zile nywele, akazikunja, akazitia mfukoni mwa aproni kwa aibu, kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Mama."

"Si kitu. Wanawake wa umri wangu hunyonyoka."

Ersilia aligeuza uso ili asimwone mama yake anavyodanganya, na macho yake yakaangukia vyungu. Mrehani wa karibu na kiti chake ulikuwa mweusi, umekauka mpaka mzizi. Uliofuata ulikuwa wa kahawia. Uliofuata wa manjano. Ilikuwa hivyo safu nzima, rangi ikirudi polepole, mpaka chungu cha mwisho kule mlangoni, ambacho kilikuwa kibichi, kinene, kinanukia nyumba nzima.

Alikaa akivitazama. Akatazama tundu tupu la chiriku juu ya kichwa chake. Kisha aliinuka, taratibu, kama mtu aliyekanyaga kitu na hajui kama kitalipuka, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akatoka nje ya mlango.

"Unakwenda wapi bila viatu?" mama yake akauliza.

"Mama, usinifuate."

"Wewe mtoto una nini?"

"Nakuomba, mama. Kaa hapo hapo. Mtoe Delfina kwenye kile kitanda, mlaze chumbani kwako. Shuka zote zichomwe. Na kiti changu kichomwe."

Nunziata alianza kumfuata. Ersilia akapiga kelele, yeye ambaye hakuwahi kumpigia mama yake kelele: "Usinikaribie! Ni mimi! Ninawaua mimi!"

Nunziata akasimama. Alikuwa amemwosha dada yake asiye na taya, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Aliweka mkono kinywani, akatazama vyungu vyake vya mrehani, na Ersilia akamwona anaelewa. Alishuka ngazi kabla mama hajaanza kulia.

Barabarani jua lilikuwa kali. Pale kwenye kona, mbele ya duka la kinyozi, lilisimama gari jeusi ambalo alikuwa amekwisha kuliona mara nyingi bila kulitilia maanani. Alilifuata. Mlango ukafunguliwa upande wa mbali, na Meja Tolliver akashuka, akarudi nyuma akiinua mkono wake uliovaa glavu.

"Simama hapo tafadhali, Bi Bonfante. Hapo hapo panatosha."

Ersilia alisimama. Akapima kwa macho nafasi iliyokuwa kati yao. Ilikuwa ni ile ile, kutoka kwenye kiti chake mpaka chungu cha mwisho.

"Ulijua," alisema.

"Twende tukazungumze mahali penye utulivu."

"Ulijua, ukanirudisha nyumbani."

"Hospitali itamchukua mdogo wako sasa hivi, na mama yako pia," Meja akasema. "Wakitengwa nawe watapona. Tumefanya hesabu zetu kwa uangalifu sana."

Nyuma yake lilikuja lori. Ersilia alipanda mwenyewe, si kwa sababu walimlazimisha, nani angemshika? Alipanda kwa sababu watoto walikuwa wanatoka shule, na walikuwa wanakuja kwenye njia ile ile aliyosimama.

Walimpeleka kwenye ghala kule bandarini, lililotengwa peke yake kati ya matope na reli. Ndani lilikuwa limegawanywa na ukuta wa madini ya risasi, wa kijivu, mnene kama kifua cha mtu, na katikati kidirisha cha kioo kizito. Meja aliketi upande wake na bilauri ya maji. Upande wa Ersilia palikuwa na kiti cha chuma, na juu ya msumari limetundikwa joho.

Lilikuwa joho la kutisha. Lilishonwa kwa mabamba membamba ya risasi yaliyopangwa kama magamba ya samaki, na kofia yake ya kufunika kichwa, na glavu zake.

"Ukilivaa hilo," Meja alisema kupitia kidirisha, "watu wanaweza kukaa karibu nawe kwa muda. Gari zima la abiria. Chumba kizima cha hoteli. Ukilivua, unajua kinachotokea."

"Unataka nini?"

"Kuna mtu anayekaa hotelini mjini New York. Anawapa adui habari za meli zetu. Hatuwezi kumshika, ana marafiki wakubwa. Lakini anapenda chakula cha Kiitaliano, na mapishi hayo unayajua. Utampikia, utamwandalia. Ukifika mezani kwake utalivua joho. Siku chache tu. Ataumwa kama watu wanavyoumwa. Daktari wake ataandika ni tumbo." Akanywa maji. "Na baada yake kuna wengine. Bi Bonfante, vijana wa mtaa wako wanakufa. Unaweza kuvimaliza vita hivi umeketi kitini, bila kumnyanyulia mtu hata kidole."

"Na watu wa meza ya pili? Na mtoto atakayepita na mama yake?"

Meja akaizungusha bilauri mkononi. "Tutachagua saa nzuri."

"Kama ulivyonichagulia saa nzuri kwa mama yangu."

"Nilihitaji kujua," Meja akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ya daktari wa watoto ilikwaruza. "Ungesema ndiyo kama ningekuomba? Hakuna ambaye angesema ndiyo. Sasa ninajua kwa umbali gani, na kwa muda gani. Watu wawili wameumwa kidogo, na ninajua. Na usisahau, bila joho hilo huwezi kumkaribia mtu aliye hai maisha yako yote. Joho ni mali yangu. Ukifanya kazi, ni lako."

Ersilia aliinuka kwenye kiti. Hakwenda kwenye joho. Alikwenda kwenye ukuta, akaweka viganja vyote viwili.

Risasi si ngumu kama chuma. Inalainika upesi. Ukuta ulianza kung'aa, ukatoa machozi ya fedha, ukaporomoka miguuni pake kwa kishindo cha matope, na kidirisha kikaanguka bila kuvunjika. Kati yake na Meja hapakubaki kitu. Meja alikuwa amebanwa kwenye ukuta wa matofali. Ili aufikie mlango wake angelazimika kupita karibu na Ersilia, na bilauri ilikuwa imempasukia mkononi.

Alimwona kama alivyomwona Delfina chini ya meza: mbavu, moyo, pumzi zinazokuja haraka haraka. Hakuhitaji kufanya lolote. Ilitosha kusimama tu, azungumze naye habari za hali ya hewa, naye angekwisha. Alihisi hamu hiyo, ikapanda kutoka tumboni, na ilikuwa tamu. Hilo hakulikana baadaye, hata moyoni mwake.

"Tafadhali," Meja alisema. "Nina watoto."

"Najua. Kila mtu ana watu wake."

Akarudi nyuma mpaka kwenye msumari. Akalitungua lile joho, zito kiasi kwamba askari wawili ndio walioliweka pale, akalitupia mabegani. Akavaa glavu. Akashusha kofia mpaka macho tu yakabaki, na mwanga wa ghalani ukazimika.

"Nimelivaa kwa ajili yako," alimwambia. "Usije ukafa mbele yangu. Mshukuru mwanamke uliyemtapisha, ndiye aliyenilea. Sasa sikiliza. Mama yangu na mdogo wangu wakipona, hutaniona. Wakifa, popote utakapojificha nitakuja nikae nawe. Nitapiga magoti, nitasali nawe rozari nzima, polepole."

Alitoka, na askari waliokuwa nje walitazama chini.

Nunziata na Delfina walipona. Nywele za Delfina ziliota upya, nyeupe. Waliambiwa Ersilia amekufa kwa athari za moto ule, wakapewa cheti chenye muhuri na nyota ya dhahabu ya dirishani. Nunziata aliipokea, akashukuru, na mlango ulipofungwa aliitia jikoni motoni. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa, aliacha bakuli la tambi kwenye ngazi ya nyuma. Alijua binti yake hasikii njaa. Lakini bakuli lilirudi tupu, limeoshwa.

Watu walianza kumwona majira ya joto. Kwanza alikuwa uvumi: mashua ya mafuta iliyowaka mtoni, na kitu cha kijivu kilichotembea ndani ya moto na kutoka na mabaharia wawili. Kisha ukaja mkasa wa kiwanda cha baruti ng'ambo ya mto. Huko nako kulikuwa na mlango wa chuma, na mtu aliyepewa amri ya kuufunga. Wanawake waliokuwa ndani walisimulia kwamba walikuwa wamekwisha kuanza kusali sala ya mwisho walipoona chuma kinakuwa chekundu, na mikono miwili ikakifungua kama pazia.

"Tokeni!" sauti ilisema chini ya kofia. "Piteni kulia, wote, upesi! Msiniguse! Nimesema msiniguse!"

Walitoka mbio, wakikohoa. Ersilia alisubiri mpaka wa mwisho akapita, ndipo akainua mikono na moto ukaanza kumjia, ukizama ndani ya joho kama maji mchangani. Alipotoka nje watu walikuwa wamesimama mbali, wakipiga kelele za furaha, na mtu alikuwa tayari amempa jina. Mama Risasi! Mama Risasi! Mtaa mzima ukalidaka.

Hakumwona yule msichana akija. Alikuwa mdogo, labda rika la Delfina, na uso wake ulikuwa umejaa masizi na machozi. Alivunja mstari, akakimbia, akamkumbatia Ersilia kiunoni kwa nguvu zake zote, shavu lake likagusa yale magamba ya risasi, ambayo bado yalikuwa ya moto, na ambayo kifuani, pale moto ulipoingilia, yalikuwa yameyeyuka na kubaki membamba kama karatasi.

"Asante," alikuwa anasema. "Asante, asante, asante."

Mikono ya Ersilia ilibaki hewani. Ilichukua muda, mfupi sana au mrefu sana, hakuweza kujua, mpaka alipopata akili ya kumsukuma.

"Unaitwa nani?"

"Wanda," msichana akasema, akicheka na kulia pamoja. "Wanda Kosciak. Tunakaa nyuma ya kanisa la Wapolandi."

"Nenda nyumbani, Wanda. Vua nguo hizo uzichome. Uoge sana. Uoge, unanisikia?"

Watu waliendelea kushangilia. Walimshangilia mpaka alipopotea nyuma ya reli.

Kesho yake mchana alikwenda kusimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya kanisa la Wapolandi, mbali, chini ya kivuli cha ukuta wa makaa. Msichana alitoka nje na kapu la nguo za kuanika. Alikuwa amefunga kitambaa cha rangi ya machungwa kichwani, nywele zake zote ndani, na aliimba. Ersilia alimtazama mpaka kapu likaisha. Alikwenda tena keshokutwa, na siku iliyofuata, akisubiri upepo ukilegeze kile kitambaa ili aone kama nywele bado zipo.